Mafuta ya Nazi Juu ya Paa la Bi Zuhura

Wanangu, tuelewane kwanza juu ya jambo moja: bati kuukuu halipigwi. Najua mkono unawasha. Mtu akiona theluji imejilaza juu ya paa lake, wazo la kwanza ni kunyakua koleo, kupanda ngazi na kuanza kuchapa. Usichape. Bati lililoliwa na kutu linataka kubembelezwa. Ukilitoboa wakati wa baridi, hutajua. Utajua barafu ikiyeyuka, maji yakishuka kitandani kwa mwenye nyumba na yeye akikupigia simu ya matusi.

Nimefanya kazi ya mapaa pande hizi za Washington tangu nilipokuwa na nywele kichwani. Sasa nimestaafu, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Nyinyi mnaoanza mnanifuata msikitini, mnanifuata kwenye harusi, mnaniita Babu Nazi, mnacheka. Jina hilo mmelirithi tu, hamjui lilikotoka. Wengine mnadhani ni kwa sababu napenda wali wa nazi. Naupenda, tena sana, lakini wali hauna kosa hapa. Kaeni niwaambie.

Jina langu ni Athumani, mtu wa Tanga. Kwetu paa lina maadui wawili, jua na mvua, na wote wawili unawajua tangu utotoni. Nilipofika Hyattsville, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuta adui wa tatu ambaye hana kelele. Mvua inabisha hodi. Theluji unalala usiku hakuna kitu, unaamka asubuhi imekwisha kukaa juu ya nyumba kama shemeji asiye na haraka ya kurudi kwao.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Clarence, Mmarekani mweusi aliyezaliwa na kukulia mtaa ule ule. Mapaa yote ya bati ya zamani aliyajua kwa majina ya wenyewe. Yale mabati hayakuwa ya migongo kama ya kwetu. Yalikuwa mapana, bapa, yameungwa kwa mikunjo iliyosimama wima kuanzia juu mpaka chini, na mengi yalikuwa na umri kumzidi yeye. Siku yangu ya kwanza ya theluji nilitaka kumwonyesha kwamba nina akili. Nilikuwa nimewaona watu wakimwaga chumvi barabarani barafu ikayeyuka, basi nikapanda ngazi na mfuko wa chumvi begani. Mzee alinishika suruali.

"Unakwenda kupika nini huko juu?" akaniuliza.

Akaniteremsha. Akanieleza kwamba chumvi ikigusa bati lenye kutu, umeipa kutu futari. Neno futari ni langu, lakini maana ni yake. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: usipigane na theluji, ifungulie njia, itaondoka yenyewe. Mimi nikayasikia kwa masikio ya kwetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipomtafsiria msemo huo alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo kila theluji ikianguka alikuwa akinipigia simu, "Athumani, mgeni amefika."

Na njia yenyewe hufunguliwa hivi. Unasimama chini, mbali na ukingo wa paa, na reki ya mpini mrefu. Unaanza na ukingo. Unavuta theluji kidogo, unaishusha, unasogea hatua upande, unavuta tena. Huikwangui yote, unaacha utandu mwembamba ili meno ya reki yasiguse rangi. Ukiwahi ingali laini, ukingo ukiwa wazi na jua likitoka, iliyobaki inateleza yenyewe. Siku hizi mna reki za plastiki nyepesi na nyaya za umeme za kupasha ukingo. Sisi tulikuwa na kamba. Unaitupa juu ya nyumba, mtu mmoja anashika upande wa mbele na mwingine upande wa nyuma, mnavutana huku na huku kama watu wa msumeno, kamba inapita chini ya theluji na kuitenganisha na bati. Nyumba nzima inalia gwaruu, gwaruu, na mwenye nyumba anatoka na nguo za kulalia kuuliza kuna nini.

Mwenzangu wa kamba alikuwa Njoroge, kijana wa Nakuru, Mkristo wa kanisani kila Jumapili na mtundu siku zilizobaki. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kusimama chini ya paa akitazama juu. Nilimwonya. Clarence alimwonya. Siku moja kule Hyattsville kipande cha theluji cha ukubwa wa godoro kikateleza kikamwangukia, kikaingia kwenye kola na kutokea kwenye suruali. Alisimama pale mweupe mzima, macho tu ndiyo yanaonekana, akasema, "Manze, nimebatizwa mara ya pili." Tulicheka, lakini godoro la theluji yenye maji lina uzito wa kuvunja shingo. Hilo likumbukeni, maana ndilo lililotaka kuharibu harusi nitakayowasimulia sasa.

Bi Zuhura alikuwa mama wa Unguja, mjane, mpole akiwa ameshiba na mkali akiwa na njaa. Nyumba yake ilikuwa Hyattsville, chini ya mti mkubwa wa mwaloni, aliyoinunua na marehemu mumewe baada ya miaka ya kupanga vyumba vya watu. Paa lake lilikuwa la bati la zamani, lenye pande mbili. Upande wa nyuma ulipata jua kutwa nzima, theluji ikawa haidumu. Upande wa mbele ulikuwa kivulini, umejaa kutu, na chini yake ndipo palipokuwa na baraza na mlango mkubwa wa kijani.

Mlango huo ndio wa kuangalia. Marehemu aliupaka rangi mwenyewe mwaka alioanza kuumwa. Alikuwa akimwambia mkewe, "Salma atatokea hapa siku ya harusi yake, si kwenye ukumbi wa kukodi." Kisha akafariki. Sasa Salma, binti yao wa pekee, alikuwa amepata mchumba, kijana mmoja wa Woodbridge aitwaye Idrisa, anayefanya kazi za kompyuta kule Herndon. Wazazi wa Idrisa walikuwa na kazi na likizo zao, tarehe pekee iliyowezekana ikawa katikati ya baridi. Bi Zuhura akaniita kabla majani hayajaisha mtini.

"Mwanangu Athumani," akaniambia huku akinimiminia chai, "mwaka jana theluji ya hapa mbele iliporomoka ikavunja mkono wa baraza, ule ubao wa kushikia. Sitaki imwangukie bwana harusi. Nifanyie utakavyofanya, lakini siku ile paa langu liwe jeupe pee."

"Jeupe, Bi mkubwa?"

"Yaani tupu! Ebo, fundi gani wewe unayesahihisha watu wazima?"

Dawa ya paa kama lile ilijulikana: kusugua kutu, kupaka rangi laini, theluji ikose pa kushika. Lakini mzee Clarence alikuwa amekwenda kumwona dada yake Georgia, na hali ya hewa ilikuwa imeshapoa. Tulisugua vizuri, mimi na Njoroge. Tulipojaribu kupaka rangi, haikukauka. Ilibaki inanata kama gundi tukaifuta yote. Tukakaa barazani kwa Bi Zuhura tukikuna vichwa.

"Tupake mafuta ya chapati," Njoroge akasema. "Yale ya mkebe. Kitu lazima iteleze."

Mimi nikamcheka. Nikamwambia nyinyi watu wa bara mambo ya mafuta hamyajui. Kwetu bawaba ikigoma, mafuta ya nazi. Pete ikikwama kidoleni, mafuta ya nazi. Mtoto akizaliwa anapakwa nazi, na mzee akiumwa viungo anasuguliwa nazi. Itashindwaje theluji? Bi Zuhura alikuwa na ndoo ya mafuta ya nazi aliyoletewa na mgeni kwa ajili ya nywele na mapishi. Hoja yangu ilimwingia, akaitoa kwa moyo mmoja. Tukayapasha jikoni, tukapanda kwenye ngazi ya kulalia, ile inayolazwa juu ya paa ili usikanyage bati, na tukayatandaza kwa fagio laini upande wote wa mbele. Wanangu, paa liling'aa! Jirani alitoka kutazama. Niliteremka nikijiona mhandisi.

Sasa mtoto yeyote wa pwani anajua jambo moja kuhusu mafuta ya nazi. Mama yangu kule Tanga, asubuhi za kipupwe, alikuwa akiiweka chupa juani kabla ya kutuchana. Mimi nililelewa na chupa hiyo. Lakini nikiwa juu ya paa na sifa zangu sikuikumbuka. Jioni ile ile mafuta yaliganda. Paa likawa na michirizi myeupe ya fagio, kama keki iliyopambwa na mtu mlevi. Na usiku ukavuma upepo, ule mwaloni ukapukutisha majani yake yaliyobaki, yote yakanasa.

Asubuhi Njoroge alinipigia simu. "Athumani, kuja. Usikule kwanza, utacheka utapike."

Nilikuta paa limevaa majani kuanzia juu mpaka chini kama mkeka uliosukwa vibaya. Juu ya mkeka kulikuwa na kindi, wa mtaa mzima nadhani, wamekaa kwa miguu ya nyuma wanalamba. Bi Zuhura alikuwa amesimama barabarani na khanga yake juu ya koti la baridi, mikono kiunoni.

"Mpwani mzima," akasema. "Mtu wa Tanga! Hujui kuwa nazi huganda?"

Njoroge aliegemea gari akicheka bila sauti, machozi yanamtoka, na hapo hapo akanibatiza: Bwana Nazi. Umri ulipopanda na cheo kikapanda, likawa Babu Nazi. Mzee Clarence aliporudi alisimama chini ya paa kitambo, akanusa, akavua kofia.

"Nani amelikaanga paa langu?" akauliza.

Tulitaka kukwangua. Alikataa, maana chini ya majani bati lilikuwa jembamba kama karatasi. Maji ya moto pia alikataa, yangeganda mikunjoni na kuifumua. Tungoje siku ya joto, alisema, mafuta yalainike tuyafagie. Tukangoja. Siku ya joto ikatuchezea, ikawa inakuja kesho kila siku, na badala yake ikaja theluji.

Ilianguka Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi alasiri. Ilikuwa nzito, ya maji maji, na ilipokuta yale majani ikashikana nayo kama ugali na sufuria. Ijumaa tulifika na reki. Ukingo tulifanikiwa kuusafisha, lakini juu yake lilibaki pande moja nene, limening'inia kuelekea mlango wa kijani. Kamba tuliirusha. Ilikwenda vizuri mara mbili ikanasa kwenye majani, na Njoroge akavuta akaanguka kwa matako uani. Upande wa nyuma ulikuwa umeshateleza wenyewe, msafi, unatucheka.

Clarence aliangalia, akatikisa kichwa. Akachukua utepe wa njano akaufunga mbele ya baraza lote. "Hakuna kiumbe kitakachopita mlango huu mpaka ile iteremke," akasema. "Nyuma pitieni mtakavyo. Mbele, hapana."

Nilimtafsiria Bi Zuhura. Ndani, wanawake walikuwa tayari wanachambua mchele na kukata vitunguu. Salma alikuja mlangoni na hina mikononi, na kama kawaida yake, Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza cha kuchanganya.

"Mama, it's okay. They can come through the kitchen. Ama tufanye hotelini, Idrisa's uncle already asked."

"Jikoni?" Bi Zuhura akasema. "Bwana harusi aingie kwa mlango wa jikoni, apite kwenye maganda ya vitunguu? Na wewe utoke uani pamoja na takataka? Baba yako aliupaka rangi mlango huu amekaa kwenye kiti kwa sababu miguu haikumchukua. Nilimshikia kopo la rangi kwa mikono yangu." Akatazama juu, akanitazama mimi. "Athumani, mwanangu. Sikulaumu. Nazi ilikuwa yangu. Lakini nifanyie njia."

Nilitamani anilaumu. Nilitoka nje nikasimama kwenye barabara na moyo umeniingia baridi kuliko miguu. Kama Salma angetokea hotelini, mama yule angetoa tabasamu kwa watu wote na angelia peke yake, na mimi ningemkumbuka kila nitakapoona mlango wa kijani.

Jumamosi asubuhi jua lilitoka, ila halikufika upande wa mbele. Tulisimama watatu tukitazama lile pande. Ndani ya nyumba kulikuwa na joto la ajabu. Masufuria ya biriani yalikuwa motoni, na kila mlango wa nyuma ulipofunguliwa mvuke ulitoka kama bafuni. Mzee Clarence aliutazama mvuke ule. Akauliza, "Wanapika mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wageni waje," nikamjibu.

"Na dari lao lina mlango?"

Lilikuwa nao, kwenye ukumbi mwembamba wa ndani. Basi akatueleza. Theluji haitoki juu, inatoka chini. Ukilipasha bati kutoka ndani, utando wa maji unapita kati yake na theluji, na mzigo unapoteza mguu. Siku nyingine angetukataza, na mimi nawakataza: nyumba inayovuja joto darini ndiyo inayotengeneza barafu ukingoni na kuvunja mifereji ya maji, kwani maji yakifika kwenye baridi yanaganda. Lakini ukingo wetu ulikuwa umeshasafishwa, baridi ilikuwa imepungua, na ilikuwa ni kwa asubuhi moja tu. Tufungue dari, tuongeze mashine ya joto, dirisha la jikoni libaki wazi kidogo watu wavute pumzi. Na kama akina mama wanaweza kuitikisa nyumba kidogo, alisema, haitadhuru.

Niliingia nikawaeleza wanawake. Sijawahi kuona maelezo ya kazi yakipokelewa kwa furaha kama ile. Kuitikisa nyumba! Shangazi mmoja wa Mombasa alivua viatu. Ngoma ikaletwa chumba cha mbele, khanga zikafungwa viunoni, na chakacha likaanza na ubao wa sakafu ukajibu. Bi Zuhura jikoni alifunua sufuria zote ili mvuke upande darini. Jasho lilitiririka. Njoroge alikuwa darini na tochi, akigusa bati kwa kiganja na kutuletea habari.

"Bado ni baridi!"

Baadaye: "Inaanza kulowa!"

Baadaye tena, sauti imebadilika: "Buda, inalia! Hii kitu inalia tik tik!"

Hapo ndipo magari ya Woodbridge yalipofika. Wakashuka wanaume na kanzu zao na majoho, chini ya kanzu viatu vya theluji, matari mikononi. Tuliwazuia ng'ambo ya barabara. Mjomba wa Idrisa, mtu wa heshima na haraka, alitazama utepe wa njano akatazama saa. "Fundi, hotelini tumeweka nafasi kwa tahadhari," akaniambia. "Tusiwadhili watu kwenye baridi. Twende." Idrisa mwenyewe alikuwa anautazama mlango.

"Mjomba, naomba tungoje," akasema. "Aliniambia atatoka hapa."

Nilimpenda kijana yule papo hapo. Nikamwambia mjomba, shikamoo mzee wangu, tupigieni kasida moja tu, ikiisha mwende. Wakapiga. Matari nje, ngoma ndani, na wale wa ndani waliposikia sauti za wanaume wakajua bwana harusi amefika, wakaachia vigelegele vyote kwa pamoja.

Pande likasogea. Kwanza nilidhani ni macho yangu. Mstari mweusi ulitokea juu kabisa, upana wa kidole, kisha upana wa mkono, na bati kuukuu likatoa mguno mrefu. Halafu theluji, majani, mafuta na kila kitu vikashuka kwa mkupuo mmoja, vuuuu, puu! Ardhi ilitikisika. Hewa ikajaa unga mweupe, na ulipotua, mtaa mzima wa Hyattsville ulinuka nazi.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Njoroge anasema nililia kama mbuzi. Clarence alikuwa ananipiga mgongo, na mimi nilikuwa nimemkumbatia mjomba wa watu na joho lake. Paa lilikuwa jeupe pee, kwa Kiswahili cha Bi Zuhura. Halikuwa na tundu hata moja.

Lakini barazani sasa kulikuwa na kilima kilichofika kwenye kitasa cha mlango. Mlango ukafunguka kidogo, kwa shukrani za Mungu ulifungukia ndani, na kichwa cha Bi Zuhura kikatokea juu ya theluji kama muuzaji wa duka dirishani. Nyuma yake wanawake walijazana. Idrisa akavuka barabara, akasimama upande wa pili wa kilima na kilemba chake.

"Hodi," akasema.

Sasa mnajua desturi yetu. Bwana harusi haingii hivi hivi. Mlango hufungwa, na wanawake hudai kifungua mlango. Shangazi wa Mombasa alifungua kinywa kudai, lakini Bi Zuhura akamtangulia.

"Kifungua mlango chako hicho hapo mbele yako, mwanangu," akasema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe tumekupa siku ya kwanza. Chimba!"

Wanaume wakaangua kicheko. Nilimpa Idrisa koleo langu. Akakunja joho, akachomeka kanzu kiunoni, akachimba. Theluji ilikuwa ya maji, ikaganda kwenye koleo. Kila akiinua hairuki, anatikisa na bado haitoki. Wanawake wanamzomea, ndugu zake wanampigia matari. Salma akatokeza uso begani kwa mama yake, na shela yake, akacheka, akapiga kelele:

"Chimba bwana, biriani inapoa!"

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kutoka kwake sentensi nzima ya Kiswahili.

Bi Zuhura akapotea ndani, akarudi na kibakuli cha mafuta yaliyobaki ndooni. "Leta hilo koleo," akasema. Akalipaka bapa lote kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anayempaka mtoto. Akamrudishia. Idrisa akachota, akainua, na theluji ikateleza ikaruka yote mara moja. Wanangu, mimi na Clarence tulitazamana. Nazi ilikuwa imepata kazi yake. Paa, hapana. Koleo, ndiyo.

Njia ikapatikana, ndoa ikafungwa sebuleni, na Salma akatoka kwa mlango wa kijani ameshikwa mkono na mama yake. Bi Zuhura alipofika kizingitini aliugusa ule mlango, akasema "Umeona?" Hakuwa akisema nasi. Mimi nilishindwa kuzuia machozi, nikasingizia vitunguu.

Nini kiliiteremsha theluji ile? Clarence alishikilia mpaka anafariki kwamba ni maji ya chini. Bi Zuhura anasema mafuta yaliyeyuka, na kwamba nazi yake haijapata kumwangusha mtu. Njoroge, ambaye alikuwa darini na kiganja juu ya bati, anaapa ni vigelegele. Mimi ndiye fundi na nawaambia ni maji. Ila nikiulizwa na Bi Zuhura, ni mafuta.

Majira yale ya baridi kulikuwa na harusi nyingine Woodbridge, na wanawake wakalundika theluji mlangoni kwa makusudi. Iliyofuata, ya mpwa wa Njoroge, watu wa kanisani, nao wakalundika. Wakongomani waliokuja kula wakaipeleka desturi hiyo kwao. Wewe uliyeoa mwezi wa saba ukachimba mifuko ya barafu ya dukani huku suti inalowa, ulidhani ni mila ya mababu. Babu mwenyewe ni mimi.

Mwaka jana aliolewa binti wa Salma. Paa lile tulikuwa tumeshalibadilisha, la sasa ni jipya na linateleza bila msaada wa mtu. Mlango ni ule ule wa kijani. Bi Zuhura, amezeeka sasa, alikuwa ameketi barazani na koleo mapajani, akaniita nimpelekee bwana harusi. Nililipokea, na mkono ukateleza, nusura lianguke. Alikuwa amelipaka mpaka mpini.

"Mpini haupakwi, Bi mkubwa," nikamwambia.

"Kumbe," akasema. "Na paa je?"